Probox inamisi ikipanda Kitonga, na sasa haina nguvu hata tambarare

Swali: Shikamoo fundi. Nina Probox ya mwaka 2012, injini 1NZ, gia otomatiki. Natoa bidhaa za duka Dar napeleka Iringa, huwa napakia kama kilo 600. Miezi kadhaa iliyopita ilianza kumisi nikipanda Kitonga: inashtukashtuka kama inataka kuzima, na taa ya cheki injini inawaka na kuzima haraka haraka. Nikifika tambarare inatulia. Nikishusha gia nikaweka 2, misi inapungua. Nikaendelea nayo hivyo hivyo kwa sababu biashara haisubiri. Tangu mwezi uliopita mambo yamezidi: hata tambarare haivuki 80, nikikanyaga mafuta inanguruma tu kwa sauti nzito, na miguuni pana joto. Ikiwa sailensa (injini inawaka, sijakanyaga mafuta) haina shida kabisa. Nimebadilisha plagi zote, nimesafisha nozeli, nimeweka eyaklina mpya. Mashine ya kusomea hitilafu ilisoma namba P0302 na P0171. Fundi wa kwanza anasema ni pampu ya mafuta, wa pili anasema injini imechoka nitafute nyingine. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Sisemi ni mafundi wabovu. Wa pampu ana sababu yake, na hata wa injini ana yake. Ila kwa maelezo yako hakuna aliyepima kitu, na nina hakika wote wawili walilisikiliza gari likiwa limesimama, tupu, liko sailensa, wakati wewe mwenyewe unasema likiwa sailensa halina shida. Ugonjwa unaotokea mlimani na mzigo utafutwe gari likiwa mlimani na mzigo, au angalau likiwa limelazimishwa kufanya kazi kana kwamba limebeba.

Kingine, na hiki ndicho ningependa ukishike kuliko vyote: gari lako lina magonjwa mawili. Kumisi na kukosa nguvu watu huvitaja pamoja mpaka vinaonekana kitu kimoja, lakini wewe umeviandika kwa tarehe tofauti na kwa sura tofauti. Misi ilianza kwanza, ikawa peke yake kwa muda: mlimani tu, kwa kushtuka, na gia ikishuka inapungua. Kukosa nguvu kumekuja baadaye, kuko mpaka tambarare, na hakuna kushtuka. Gari limebanwa tu, kama mtu anayekimbia huku kazibwa pua. Ukinilazimisha kutaja bila kuligusa, nitasema koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) ya silinda namba 2 ndiyo iliyoanza, maana P0302 ni misi ya silinda hiyo, na kwa kuwa uliendelea kuendesha, masega ya ekzosi, yaani kile kichujio cha moshi, yameyeyuka na kuziba. Sasa nikueleze kwa nini, na namna ya kuthibitisha kabla hujatoa hata shilingi.

Tuanze na lile la gia, maana ndilo lililonifumbua macho. Ili cheche iruke kwenye plagi, umeme unapaswa kuvuka hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Hewa ikishindiliwa zaidi, volti zinazohitajika nazo zinapanda. Gari likiwa sailensa throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, imefungwa karibu yote, silinda inapata hewa kidogo, kwa hiyo hata koili dhaifu inamudu. Ukikanyaga mafuta mlimani kwa gia kubwa, throtoli inafunguka wazi, silinda inajaa, na koili inadaiwa volti nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo koili yenye ufa kwenye plastiki yake, au yenye mpira uliokauka, inaanza kuvujishia umeme pembeni kwenye chuma cha hedi (kichwa cha injini) badala ya kuufikisha kwenye ncha ya plagi. Cheche haitokei, silinda moja inakosa mlipuko, nawe unasikia mshtuko.

Ukiweka 2, mlima ni uleule na mwendo ni uleule, ila injini inazunguka haraka zaidi na kila mlipuko unabeba kazi ndogo. Throtoli inarudi kidogo, presha ndani ya silinda inashuka, koili inapata nafuu. Sasa linganisha na pampu. Pampu haina habari na gia. Kupandisha mzigo uleule kwa mwendo uleule kunataka karibu mafuta yaleyale kwa dakika, uwe kwenye gia ya pili au ya tatu. Kama mafuta ndiyo yangekuwa hayatoshi, kushusha gia kusingekusaidia. Halafu mafuta yakipungua huwa hayashtui. Nguvu inalegea taratibu, ukiondoa mguu sekunde kadhaa inarudi, ukikanyaga inalegea tena. Kwa hiyo pampu nimeiweka nyuma, ingawa sijaifuta.

Basi hiyo P0171 inatoka wapi? Namba hiyo inasema kompyuta imeona mafuta ni machache kuliko hewa, na ndiyo iliyompeleka fundi wako wa kwanza moja kwa moja kwenye pampu. Lakini kompyuta haiyaoni mafuta. Inachokiona ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kupitia sensa iliyo kwenye ekzosi. Silinda ikikosa cheche, hewa yake yote inatoka bila kuungua, na oksijeni yote hiyo inapita mbele ya sensa. Petroli mbichi inayotoka pamoja nayo, sensa haiijali. Kompyuta inahitimisha kwamba mafuta ni pungufu, inaongeza kwenye silinda zote nne, na ikiongeza mpaka kikomo chake inaandika P0171. Yaani P0171 inaweza kabisa kuwa imezaliwa na P0302. Ukiziona namba hizi mbili pamoja, maliza misi kwanza, futa kumbukumbu, kisha uone kama P0171 itarudi yenyewe. Nimeona pampu nzima nyingi zikitolewa kwenye tenki kwa kosa hili.

Sasa kazi. Ya kwanza ni ya nusu saa na haihitaji spea. Injini ya 1NZ ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake, na silinda namba 1 ni ile ya upande wa cheni ya taimingi. Injini ikiwa imepoa, mwambie fundi achukue koili ya namba 2 aiweke namba 4, na ya 4 aiweke 2. Plagi ya namba 2 aipeleke namba 3, na ya 3 aje nayo 2. Nozeli aziache zilipo. Nimezitenganisha makusudi ili safari moja ikupe jibu zima. Futa namba za hitilafu, lipe gari mzigo, soma tena. Ikija P0304, koili ndiyo mbovu. Ikija P0303, ni plagi. Ikibaki P0302, basi tatizo halijahama: ni waya au soketi, nozeli, au silinda yenyewe.

Wakati plagi ziko mkononi, msiharakishe kuzirudisha. Angalieni kaure nyeupe ya plagi ya namba 2: kama kuna mstari mwembamba mweusi au wa kahawia unaoshuka kwa urefu, hapo umeme umekuwa ukipita nje. Mara nyingi mstari huo unakuwa na pacha wake ndani ya mpira wa koili. Ukikuta hivyo, badilisha vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu plagi mpya ukiivisha mpira wa zamani wenye njia ya umeme itaharibika vilevile, na mpira mpya juu ya plagi yenye mstari nao hautadumu. Kama ndani ya kisima cha plagi kuna oili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) imechoka. Oili inalainisha mpira wa koili mpaka unavuja umeme. Gasketi hiyo si ghali, na ukiiacha utanunua koili tena.

Halafu pima mwanya wa plagi. Umesema umebadilisha plagi, ila hujasema ulinunua zipi. Kwenye injini hii mwanya ni milimita 1.1 hivi, na ndiyo maana ya ile 11 inayomalizia namba ya plagi kama K16R-U11. Plagi feki zimejaa sokoni kwenye maboksi mazuri kabisa, mwanya wake unakuta huu 0.8, huu 1.4. Mwanya mpana unaidai koili volti zaidi, na koili iliyokuwa inajikongoja inakufa moja kwa moja. Katika kuzifunga, kaza kwa kiasi. Hedi ni ya alumini. Uzi wake ukikatika utakuwa umejitafutia kazi ambayo hukuwa nayo.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi hufanya na mimi huyakataza gereji kwangu. Moja ni kupima koili hizi kwa mita ya omu. Ndani yake kuna saketi ya kuwashia, hivyo kipimo unachokipata kwenye zile pini nne hakikuambii chochote kuhusu upande wa volti kubwa. Hata kompyuta yenyewe hudanganyika: kila koili inairudishia ishara kwamba imefanya kazi, lakini ishara hiyo inathibitisha umeme umepita upande wa ndani tu, haijui kama cheche ilitokea ndani ya silinda au ilirukia hedi. Hivyo koili inaweza kuwa mbovu na isiandikwe yenyewe kama mbovu. La pili ni kuichomoa koili na kuining'iniza hewani injini ikizunguka, ili "tuone moto". Volti zikikosa pa kwenda zinatoboa koili kutoka ndani. Na hata ukiona cheche nzuri hewani hujathibitisha kitu. Hewa ya gereji haijashindiliwa.

Huo mzigo utautoa wapi bila kwenda Kitonga? Kwa gari la otomatiki unaweza kulibana: injini ikiwa imepata moto, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, mguu wa kushoto umekandamiza breki, gia kwenye D, kanyaga mafuta kwa sekunde tatu au nne, zisizidi tano, kisha achia. Asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari. Usirudie papo hapo. Rudisha N, acha oili ya gia ipoe dakika kadhaa. Kama koili ni dhaifu, mara nyingi itashtuka hapo hapo. Ukinyunyiza maji kidogo juu ya koili kwa chupa ya kupulizia, ukiwa umesimama ubavuni mwa gari, huku mwenzako akibana, na iwe gizani, pengine utaona kabisa vimwale vya buluu. Usiposhawishika, tafuta kilima cha karibu, pakia mzigo, panda kwa gia kubwa kwa mwendo wa polepole huku mashine imechomekwa. Kitonga penyewe usipafanye uwanja wa majaribio. Malori yanayopanda na kushuka pale yanatosha kukupa shughuli.

Kuhusu mashine: Probox yako ya 2012 imetunza namba ya misi, ni bahati. Kuna magari mengine ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ambayo hayaandiki misi kabisa, na vile vifaa vidogo vya bluetooth vya bei nafuu vinagoma kuongea nayo. Msomaji mwenye gari kama hilo asidhani kukosa namba ni afya. Atumie njia ya zamani: sailensa, chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine, sikiliza ipi haibadilishi mlio. Nasema nozeli, si koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli mbichi inaendelea kwenda kwenye ekzosi.

Hapo ndipo tunafika kwenye ugonjwa wako wa pili.

Taa ya cheki injini ikiwaka na kutulia, inakuomba uende gereji. Ikiwaka na kuzima haraka haraka, inakuambia uondoe mguu sasa hivi, kwa sababu misi ni nzito kiasi cha kuharibu masega. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda, pamoja na hewa yake, inaingia kwenye masega yaliyokwisha kuwa na moto wa nyuzi mamia kadhaa, na kuungulia humo. Joto linapanda mpaka kauri ya masega inalainika, vitundu vinashikamana, na moshi unakosa pa kutokea. Umefanya safari ngapi za Kitonga na taa ile ikimulika? Hiyo ndiyo maana ya joto la miguuni na mlio ule mzito. Injini ambayo haiwezi kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya, na haijalishi plagi zako ni za aina gani.

Kabla hujafika huko, ondoa wanaosingiziwa kwa urahisi. Ukikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda huku gari haliongezi mwendo? Hapo gia inateleza, si injini. Wewe umesema inanguruma tu, kwa hiyo tazama mshale huo safari ijayo. Masega yakiziba, mizunguko nayo inagoma kupanda. Kisha baada ya mwendo wa kilomita chache simama bila kutumia breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki zimeng'ang'ania, na umekuwa ukivuta nanga njia nzima.

Kuziba kwa masega kunapimwa kwa namba, si kwa kugonga na kusikiliza, ingawa ukigonga kwa nyundo ya mpira na kusikia vipande vinacheza ndani, hilo nalo ni jibu. Fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, afunge geji ya presha kwenye tundu lake. Sailensa isizidi kama psi 1.25. Pandisha mizunguko mpaka 2,500, isizidi psi 3. Ukiona 5 au 8, hakuna mjadala. Asiye na geji hiyo atumie geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya hewa: shikilia 2,500 kwa nusu dakika, kwenye ekzosi nzima mshale unatulia, kwenye iliyoziba unashuka polepole huku wewe hujabadilisha mguu. Na akikosa zote mbili, afungue sensa ile, aache tundu wazi, alijaribu gari mita mia chache. Kelele zitakuwa kubwa. Kama nguvu imerudi ghafla, umepata jibu. Asiende mbali hivyo; moto unaotoka pale unaunguza nyaya.

Masega yakithibitika yameziba, utaambiwa "tuyatoboe tu". Ni kawaida na ni rahisi, nami najua hali ya mifuko. Msimamo wangu ni kwamba kama unaweza kupata yaliyo mazima, weka mazima, kwa sababu moshi usiochujwa unavutwa na wewe na abiria wako kwenye foleni, na sensa ya nyuma inaweza kuacha taa ikiwaka muda wote, kisha siku ya hitilafu ya kweli hutajua. Vyovyote utakavyoamua, ya zamani yaondoke nawe au yakatwe kwenye bei. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaoyanunua kwa kazi hiyo hiyo. Lakini usiyaguse kabla ya kuponya misi. Masega mapya kwenye injini inayomisi yatayeyuka kama ya kwanza.

Tuseme umehamisha koili na plagi na P0302 imebaki palepale. Fundi achunguze soketi ya koili hiyo, maana plastiki yake hukauka na kupasuka kwa joto na waya ukacheza. Kisha ahamishe nozeli ya namba 2. Kusafisha nozeli, kama mlivyofanya, ni jambo jema ila hakuthibitishi kwamba zote zinamwaga sawa. Kisha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaishindilia hewa, na hapa ndipo hoja ya fundi wako wa pili inapata nafasi yake. Plagi zote zitolewe, soketi za nozeli zichomolewe, throtoli iwe wazi kabisa, betri iwe na nguvu. Kitabu cha 1NZ kinataja psi 213 kwa injini nzima, 156 kama kikomo cha chini, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Ukipimia Iringa, kwenye zaidi ya mita 1,500, hewa yenyewe ni nyepesi, na injini nzima itakupa kama psi 180. Nimewahi kusikia injini nzuri za nyanda za juu zikihukumiwa kifo kwa kosa hilo. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Silinda moja ikiwa chini, mwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipobadilika, ni valvu au gasketi ya hedi. Kwenye injini hii valvu hazijirekebishi zenyewe. Mwanya wa valvu za kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa baridi. Ya kutoa moshi ikibana, injini ikipata moto haifungi vizuri, presha inavuja, na dalili zake zinaweza kufanana sana na zako. Hilo ni la kurekebisha, halihitaji injini nyingine. Kwa hiyo mwambie fundi wako wa pili, kwa heshima, akuandikie namba nne za kompresheni. Bila namba hizo, kubadilisha injini ni bahati nasibu, maana ile ya mtumba nayo inakuja na koili zake ambazo hujui zimetembea kiasi gani.

Na pampu? Ikiwa misi imekwisha, ekzosi iko wazi, na bado mlimani nguvu inalegea na P0171 imerudi, sasa ni zamu yake. Kwenye mashine tazama namba za marekebisho ya mafuta. Kama sailensa zinaongezeka sana halafu ukipiga resi zinarudi karibu na sifuri, hewa inavuja baada ya sensa ya hewa, tafuta mpira uliopasuka. Kama sailensa ziko vizuri halafu kadiri unavyokanyaga zinapanda kupita asilimia 10 au 15, ama mafuta hayafiki ama sensa ya hewa ina vumbi na inahesabu hewa pungufu. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake, isiguswe kwa kitambaa wala brashi. Kisha presha ya mafuta ipimwe: 1NZ inataka psi 44 hadi 50, na isishuke gari likibanwa. Geji inahitaji kiungo cha kuunganisha kwenye bomba, maana hakuna tundu la kupimia. Chujio la mafuta liko ndani ya tenki pamoja na pampu, na kwa aliyezoea kutembea na mafuta ya kudonadona, taa ya mafuta ikiwaka kila siku, chujio hilo huwa na tope la kutisha.

Mafuta yaliyochakachuliwa nayo yapo, ingawa siku hizi si kama zamani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Petroli yenye mafuta ya taa inafanya injini igonge mlimani, mlio kama wa kokoto kwenye kopo, na kompyuta ikisikia inachelewesha cheche, nguvu inapungua. Kwako sioni dalili hiyo. Ukitaka kujitoa wasiwasi, jaza kwenye sheli nyingine safari moja.

Neno la mwisho ni la mzigo. Probox ya kibiashara imepangiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo zile farasi 109 za Dar ukifika juu ya Kitonga zimebaki tisini na kidogo. Hata likipona kabisa, kwa kilo 600 litapanda likiugua. Hiyo haitakuwa hitilafu, usije ukaanza kubadilisha spea upya.

Safari hii ya Iringa iahirishe, au pakia nusu na upande kwa 2 ukiitazama ile taa. Ikianza kumulika ondoa mguu. Ukimaliza vipimo niandikie: namba ya misi iliyosoma baada ya kuhamisha koili na plagi, presha ya ekzosi kwenye mizunguko 2,500, na kama mmefika huko, kompresheni ya kila silinda na mahali mlipopimia.